Filamu za mizimu kwa mkanda wa VHS: uzoefu wangu

Miezi mitatu sasa naangalia filamu za kutisha kwa deki ya VHS niliyonunua ikiwa imeshatumika, pamoja na boksi la mikanda ya zamani. Nilidhani ni utoto tu unanivuta. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini si utoto pekee.

Ukali wa picha ya VHS ni kama mistari 240 tu, na penye giza kila kitu kinageuka tope. Kuna filamu niliyokuwa nimeiona ikiwa imesafishwa kidijitali, mshono wa barakoa ya mzimu ukionekana wazi shingoni. Nikacheka. Kwenye mkanda mshono haupo, kuna kivuli tu kinachosogea, na niliwasha taa.

Halafu kuna kuchakaa. Mkanda wangu mmoja, mwanamke akikaribia kufungua kabati, picha inachanika na sauti inazama. Nadhani wenye mkanda kabla yangu walikuwa wakisimamisha na kurudia hapo hapo, hedi, yaani vichwa vya deki vinavyosoma mkanda, zikizunguka juu ya kipande kilekile mpaka kikalika. Kwa hiyo chenga zinakuonya kabla mwanamke mwenyewe hajashtuka. Nimeiona mara nne, na mara zote nimekumbatia mto.

Ringu, ile ya Kijapani ya mwaka 1998 yenye mkanda unaoua baada ya siku saba, niliiangalia hivyo makusudi, peke yangu. Ilipoisha nikabaki nimekaa gizani. Mkanda ulipofika mwisho, deki ikalia "tak!" na kuanza kuurudisha nyuma yenyewe. Najua zimetengenezwa hivyo. Niliruka hata hivyo.

Sasa kero. Muuzaji aliniambia deki imefanyiwa sevisi. Siku ya pili ikala mkanda, kumbe kigurudumu cha mpira kimekauka. Mikanda ya Marekani, ambayo ni ya mfumo wa picha wa NTSC, kwenye deki ya mfumo mwingine wa PAL pekee inaweza kukupa picha inayopanda na kushuka, au isiyo na rangi. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, ni ukungu: usiuingize, utachafua hedi na mikanda mingine. Na Funai ya Japani, iliyokuwa bado inatengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo deki mpya usitarajie.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na deki, pamoja na dakika kumi za mwisho za filamu ambayo mpaka leo sijui nani alipona.