Kununua Protini za Vipokezi vya Ubongo: Ipi Itangulie kwa Maabara ya Mombasa

Mikrogramu 50 za protini iliyokaushwa hazionekani kwa urahisi ndani ya kichupa. Ni ukungu mweupe uliojibanza chini, pengine hata kwenye kifuniko, ndiyo maana kichupa huzungushwa katika sentrifyuji kabla ya kufunguliwa. Kwa kitu kidogo namna hiyo, kinacholipiwa kwa fedha za mradi na kusubiriwa majuma kadhaa, kosa la kuagiza ni ghali mno. Mimi hupanga machaguo kwa kuangalia seli iliyotengeneza protini, kwa kuwa ndiyo inayoamua umbo lake na sukari zinazoshikamana nayo.

Nafasi ya kwanza naipa sehemu ya nje ya kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara) iliyotengenezwa katika seli za HEK293, zilizotokana na figo ya kijusi cha binadamu huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. TrkB, kipokezi cha BDNF (protini inayosaidia seli za neva kukua na kuishi), hubeba sukari mahali pengi upande wake wa nje, na seli ya binadamu huziweka karibu na zilivyo mwilini. Chagua yenye mkia mfupi wa histidini, asidi amino inayotumika kuisafishia. Mkia wa Fc, uliotokana na kingamwili, hurahisisha usafishaji, lakini huunganisha protini mbilimbili, hivyo mshikamano wa kipokezi na mshirika wake huonekana una nguvu kuliko ulivyo. Tena anayechunguza kipokezi cha TREM2 kwenye mikroglia, seli za kinga za ubongo, atakuta Fc imeshikwa na vipokezi vingine vya seli hizo, na jibu analolipata si la TREM2. Protini za seli za CHO, zilizotokana na ovari ya hamsta wa Kichina, zinafuata kwa karibu sana.

Nafasi ya pili ni seli za Sf9. Wakulima wa Pwani wanamjua vizuri mdudu mwenyewe, kwa kuwa zilitoka katika ovari za Spodoptera frugiperda, yule kiwavijeshi vamizi anayetafuna mahindi yetu. Sukari zake ni fupi kuliko za binadamu, ila kwa sehemu ya ndani ya TrkB yenye kazi ya kinase (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini), isiyohitaji sukari hizo, ninaziamini kabisa.

Bakteria wa E. coli nawaweka nafasi ya tatu. Bei yao ni nafuu, lakini hawaweki sukari hizo, na mara nyingi protini hujikunja vibaya na kugandamana. Hata hivyo wasidharauliwe, kwani umbo la sehemu ya kipokezi cha GluA2 inayoshika glutameti (kemikali ya kupitisha ishara kwenye ubongo), lililochapishwa mwaka 1998, lilipatikana kwa protini ya E. coli. Sharti langu ni endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) isiyozidi uniti 1 kwa mikrogramu, na chini ya 0.1 kwa kazi ya mikroglia, ambazo husisimka kwa endotoksini hata kabla ya kipokezi kufanya lolote. Protini zinazotengenezwa bila seli hai, kwa mchujo wa kiini cha ngano, huja mwisho. Zinafaa kujaribia kingamwili, si kupimia utendaji.

Mpangilio huu wote unavunjika kwa kipokezi cha dopamini D2. Hiki hupenya utando wa seli mara saba, na mahali pa kushika dopamini pamo katikati ya mapito hayo, kwa hiyo sehemu ya nje peke yake haina kazi. Nunua utando uliotayarishwa kutoka kwa seli zenye kipokezi kizima, au kipokezi kilichowekwa ndani ya nanodiski, yaani kipande kidogo sana cha utando kilichozungushiwa protini.

Tatizo ni kwamba bidhaa hizo husafirishwa zikiwa zimegandishwa. Barafu kavu, yenye nyuzi -78.5, hugeuka kuwa gesi moja kwa moja, na boksi langu moja lilikaa bila kutolewa mwisho wa juma mzima. Nilipolifungua, hapakuwa na barafu hata chembe, na ndani ya kichupa mlikuwa na maji yenye vipande vyeupe vilivyoelea. Tangu siku hiyo huomba mzigo uondoke Jumatatu, hati za forodha zikiwa tayari na wakala amearifiwa, na popote inapowezekana huchagua poda, ambayo kwa kawaida huvumilia safari ya siku chache. Friza nayo iunganishwe na jenereta, na protini ikishayeyushwa igawanywe siku hiyohiyo katika vichupa vidogo, kila kimoja kwa jaribio moja.

Kabla ya kulipa, omba cheti cha bechi ileile utakayoletewa, kinachoonyesha usafi wa zaidi ya asilimia 95 na grafu ya kipokezi kikishikana na mshirika wake. Muuzaji akikutumia picha ya jeli peke yake, ambayo huonyesha usafi tu, mwandikie tena aongeze grafu hiyo.