Tahadhari: Muuzaji wa Mapumziko Hewa ya Tango ya Mwisho wa Juma

Ndugu wacheza dansi ya tango, yupo muuzaji anayetangaza mapumziko ya mwisho wa juma yaliyoandaliwa mahsusi kwa ajili yetu: malazi ya kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, milonga, yaani hafla ya kucheza tango, kila usiku, madarasa ya mchana na walimu mashuhuri, vyote kwa bei moja ya jumla. Fedha zikishalipwa, hoteli inasema haimjui, walimu wanasema hawajawahi kuzungumza naye, na simu yake haipokelewi tena. Simtaji jina kwa sababu jina lenyewe halitamsaidia msomaji. Jina, nembo na tovuti hubadilishwa kila msimu mpya wa safari unapokaribia, lakini maneno ya tangazo, aina ya picha na namna ya kudai fedha hubaki yale yale, na hayo ndiyo ninayotaka myatambue popote mtakapoyaona.

Kwanza ieleweke kwa nini sisi tunalengwa. Msafiri wa kawaida anayetafuta hoteli hutaka kujua habari za kitanda, usafi, utulivu na umbali, na mambo hayo yote anaweza kuyahakiki katika picha za hoteli na katika maelezo ya wageni waliotangulia. Mcheza tango anayatafuta hayo hayo, lakini pia anatafuta mambo ambayo hoteli haina mazoea ya kuyatangaza: ukumbi una sakafu ya aina gani, muziki unaruhusiwa hadi saa ngapi, ni nani atakayepiga santuri (DJ), na kama waongozaji na wafuataji watakuwa na idadi inayokaribiana ili watu wasishinde wamekaa vitini. Kwa mambo hayo tunategemea neno la muuzaji peke yake, na hapo hasa ndipo tapeli anapopenyeza mguu.

Tangazo nililoliona mimi lilikuwa limepambwa vizuri. Lilikuwa na bwawa la kuogelea, vyumba vya mashuka meupe, na picha kubwa ya wachezaji wawili katikati ya ukumbi unaong'aa. Picha hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Mwanamume alikuwa amevaa koti refu la mkia lenye namba iliyobandikwa mgongoni, na mwanamke alikuwa amepinda kiwiliwili na kutupa kichwa nyuma upande wa kushoto, mbali kabisa na uso wa mwenzake. Hiyo ni tango ya mashindano ya dansi za ukumbini, mchezo wenye heshima yake, lakini si tango ya Argentina inayochezwa katika milonga, ambako vifua hukaribiana na vichwa hukutana. Anayeandaa milonga kweli hawezi kuichanganya picha ya namna hiyo na mambo yake, kwani wageni wake wa kwanza wangemcheka.

Nilimwandikia kuuliza sakafu ni ya nini. Jibu lilikuja upesi na kwa ukarimu mwingi: ukumbi ni mzuri sana, wa kisasa, wageni wote wameusifia, na nafasi zilizobaki ni chache. Nilirudia swali nikitaja kwamba nauliza kama ni mbao, vigae au saruji. Safari hii nililetewa picha ya bwawa la kuogelea, ya pili, iliyopigwa usiku.

Swali la sakafu halikuwa la kujionyesha mjuzi. Katika tango mtu hugeuka mara nyingi akiwa amesimama juu ya sehemu ya mbele ya wayo mmoja, na sakafu inayong'ang'ania soli hulazimisha goti lipinde kwa nguvu ambayo nyayo zilipaswa kuimaliza. Sakafu inayoteleza kupita kiasi nayo huwaangusha watu, hasa wanaocheza kwa visigino virefu. Vigae vilivyolazwa moja kwa moja juu ya zege havinesi hata kidogo, kwa hiyo baada ya saa chache mashavu ya miguu na magoti huanza kulalamika, na kesho yake ile starehe uliyoilipia unaimalizia kitandani. Mwandaaji wa kweli anayajua haya kwa mwili wake, kwa sababu naye hucheza. Ukimuuliza, atakuambia ni mbao, imepigwa polishi lini, ina nyufa upande gani, na pengine atakushauri ubebe viatu vya soli ya ngozi laini badala ya vya mpira. Wakati mwingine atakiri bila kuulizwa kwamba ukumbi wa mchana ni wa vigae na ndiyo maana madarasa ni mafupi. Maelezo yenye kasoro ndani yake yananitia imani kuliko sifa tupu.

Jambo la pili ni walimu. Tangazo lilimtaja mwalimu mmoja kuwa ni bingwa wa dunia wa tango, bila kutaja mwaka wala kitengo. Mashindano ya dunia ya tango hufanyika Buenos Aires tangu mwaka 2003, kwa kawaida mwezi Agosti, na yana vitengo viwili vikuu: kile cha tango ya namna inayochezwa katika milonga (pista) na kile cha tango ya jukwaani. Washindi hutangazwa hadharani kila mwaka, kwa hiyo ubingwa usio na mwaka wala kitengo hauna pa kuhakikiwa, na muuzaji huyu anajua hivyo. Kumbukeni pia kwamba katika miji mbalimbali hufanyika mashindano ya mchujo, na mshindi wa mchujo, hata awe mchezaji hodari vipi, si bingwa wa dunia. Tangazo hilo hilo liliandika kuwa mapumziko hayo yanatambuliwa na UNESCO. Ukweli ni kwamba mwaka 2009, kwa ombi la pamoja la Argentina na Uruguay, UNESCO iliingiza tango katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kilichoingizwa ni tango yenyewe, na uamuzi huo haumpi muuzaji yeyote wa safari cheti wala kibali. Atakayeutumia kama muhuri wa kampuni yake ama hajui anachokisema, ama anajua na anatarajia wewe usijue.

Njia ya kumhakiki mwalimu ni nyepesi na haigharimu chochote. Walimu wanaosafiri huweka ratiba zao katika kurasa zao wenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo riziki yao. Kama tarehe hizo mwalimu ametangaza kuwa atafundisha katika bara jingine, mjadala umekwisha. Kama ratiba iko kimya, mwandikieni ujumbe mfupi kupitia ukurasa wake, si kupitia anwani mliyopewa na muuzaji, maana anwani hiyo inaweza kuwa ya muuzaji huyo huyo.

Yapo pia maswali ambayo muuzaji wa kweli hukuuliza wewe. Katika maratoni za tango, ambazo ni siku kadhaa za kucheza tu na kwa kawaida hazina madarasa, na katika zile kongamano ndogo za kukumbatiana kwa karibu ambako watu hualikana kwa macho, fomu ya kujiandikisha huuliza mapema kama unaongoza, unafuata au unafanya yote mawili. Waandaaji hufanya hivyo ili kupata uwiano, na ndiyo sababu mtu anaweza kuwekwa katika orodha ya kusubiri hata kama vyumba bado vipo. Muuzaji ninayemzungumzia hakuuliza hilo kamwe. Aliuliza tu idadi ya watu na tarehe ya kulipa. Zaidi ya hapo, aliahidi maratoni yenye madarasa kila mchana pamoja na onyesho kila usiku, mchanganyiko ambao kwa kawaida ni wa tamasha. Hilo peke yake si ushahidi wa utapeli, kwa kuwa wapo waandaaji wanaotumia majina kiholela, lakini likiambatana na hayo mengine linazidi kuchora sura ya mtu asiyeijua kazi anayodai kuifanya.

Muulizeni pia kuhusu muziki. Mwandaaji anayejiheshimu hutaja wapiga santuri wake kwa majina, tena mapema, kwa sababu wapo wachezaji wanaoamua kusafiri au kubaki nyumbani kwa kuangalia hilo tu. Ukimuuliza kama muziki utapangwa kwa tanda, yaani mafungu ya nyimbo tatu au nne za okestra moja yanayotenganishwa na kortina, kipande kifupi cha muziki mwingine, anayejua atajibu kwa sentensi moja na huenda akaanza kukusimulia mapenzi yake kwa D'Arienzo au Di Sarli, viongozi wa okestra za tango wa zamani, hadi umkatishe. Huyu wetu alijibu kwamba kutakuwa na bendi na muziki wa kila aina.

Baada ya hayo, pigeni simu hotelini. Namba itafuteni wenyewe katika tovuti ya hoteli, msitumie iliyoandikwa kwenye tangazo. Msiulize tu kama hoteli ina vyumba tarehe hizo, kwa sababu mapokezi watasema ndiyo na mtadhani mmehakiki. Ulizeni kama ukumbi umekodiwa kwa ajili ya dansi tarehe hizo, umekodiwa kwa jina la nani, na muziki unaruhusiwa hadi saa ngapi. Hoteli nyingi hazitakubali kutoa jina la mteja, na hilo ni sawa. Wapeni ninyi jina mliloambiwa mkawaombe wathibitishe au wakanushe. Kuna wanaokodi kweli vyumba vichache ili waonekane katika vitabu vya hoteli, ilhali ukumbi hawajauwekea chochote, kwa hiyo swali la ukumbi ndilo lenye uzito.

Tahadhari hiyo ya simu inawahusu hata wanaokwenda kwenye matukio ya kweli yanayojulikana. Wapo watu wanaojitambulisha kuwa mawakala rasmi wa malazi wa tamasha fulani, wakikuandikia kwamba vyumba vya washiriki vinakaribia kwisha na kwamba ulipe leo. Tamasha ni la kweli, walimu ni wa kweli, ila wakala si wa tamasha hilo. Wengine huvizia matukio yaliyojaa na kudai wanauza nafasi ya mtu aliyeugua. Nafasi iliyosajiliwa kwa jina na kwa jukumu la kuongoza au kufuata mara nyingi haiwezi kuhamishwa bila idhini ya mwandaaji, kwa hiyo mwandaaji ndiye wa kuulizwa kabla senti haijatoka.

Kuhusu malipo, muuzaji huyu hudai fedha zote kwa pamoja, ziingizwe katika akaunti ya mtu binafsi isiyolingana na jina la kampuni, na hutoa punguzo kwa atakayelipa siku hiyo hiyo. Ukisema unataka kulipa kwa kadi, mashine huwa mbovu. Ukitaja PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, hukuomba utumie njia ya kutumiana fedha kati ya ndugu na marafiki, akisingizia kukwepa makato, wakati malipo ya njia hiyo hayamo katika ulinzi wa mnunuzi. Kadi ya benki angalau hukupa mlango wa kupinga malipo kwa huduma ambayo hukupewa. Fedha zilizotumwa kwa uhamisho wa benki zikishatolewa upande wa pili ni vigumu sana kuzirudisha, na za sarafu za kidijitali ndizo ngumu zaidi. Mwandaaji wa kweli huridhika na arbuni, hueleza kwa maandishi masharti ya kughairi, na huandika katika risiti jina la hoteli, tarehe na kile kilichomo katika bei. Ziko pia nchi ambazo sheria humtaka anayeuza malazi na huduma nyingine kwa kifurushi kimoja awe na dhamana ya kurejesha fedha za wateja endapo atafilisika, kama ilivyo katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa mujibu wa agizo la mwaka 2015. Kumwomba muuzaji hati ya dhamana hiyo si utovu wa adabu.

Sipendi tahadhari hii iwaumize wasiohusika. Baadhi ya mapumziko ya tango yenye starehe kuliko yote huandaliwa na watu wawili wenye daftari na shauku, wasio na tovuti ya maana, wanaojibu ujumbe baada ya siku kadhaa kwa sababu wana kazi nyingine za kuwalisha. Ukumbi uliogeuka kuwa wa zulia au mwalimu aliyeugua siku za mwisho ni ajali ya kazi, na mwandaaji mwaminifu atawaambia mapema na kuwarudishia sehemu ya fedha. Wa namna hiyo huwa hawana haja ya kukimbizana na wateja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninayemlalamikia mimi aliandika asubuhi, mchana na usiku hadi alipolipwa na wenzetu, kisha akanyamaza.

Waliokwisha kumlipa wasisubiri tarehe ya safari ifike. Pigeni simu benki leo, kwa sababu haki ya kupinga malipo ya kadi ina ukomo wa muda na uhamisho wa benki huzuilika kwa urahisi zaidi kabla haujakamilika. Hifadhini tangazo, ujumbe wote, namba ya akaunti na jina la mwenye akaunti, kisha toeni taarifa polisi mkiwa na nakala hizo, na wajulisheni hoteli pamoja na walimu waliotajwa, maana nao majina yao yanatumiwa. Msimwambie muuzaji kwamba mnamshuku kabla hamjahifadhi kila kitu, kwani hufuta kurasa zake mara moja. Na iwapo atatokea mtu akijitambulisha kuwa mwanasheria au mpelelezi anayeweza kuwarejeshea fedha zenu kwa ada ndogo inayolipwa kwanza, msimlipe. Orodha za watu waliokwisha kutapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine, na mtu huyo huenda amelipata jina lako kwa yule yule aliyekuuzia ukumbi usiokuwepo.