Kuinua usukani wa pikipiki nyumbani: kipi ununue kwanza

Kabla hujachagua usukani wowote, simama kando ya pikipiki yako. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, huku ukitazama kebo ya klachi, kebo ya eksileta, mpira wa breki (bomba la mafuta ya breki) na nyaya za swichi. Ulegevu utakaouona hapo ndio utakaoamua ununue nini. Wengi huchagua kwa sura, kisha hugundua kwamba gharama kubwa iko kwenye kebo na mipira.

Nafasi ya kwanza naipa raiza, yaani vipande vya chuma au alumini vinavyokaa chini ya usukani na kuuinua. Chukua za milimita 20 hadi 30. Usukani wako unabaki uleule, swichi hazifunguliwi, na kwenye pikipiki nyingi kebo za zamani zinatosha. Mgongo na viganja huona tofauti hata kwa kimo hicho. Hakikisha zimekuja na bolti ndefu zinazostahili, na usipandanishe raiza mbili.

Ya pili ni usukani mpya wa chuma ulioinuka kiasi. Hapa pima kipenyo pale unaposhikwa na vibanio, tena kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Pikipiki nyingi ni milimita 22, nyingi za kuruzi (zile ndefu za kukalia chini) ni 25.4, na sukani nene za alumini ni 28.6 katikati, zikipungua hadi 22 mikononi. Usijazie pengo kwa bati. Usukani ukiteleza wakati wa kufunga breki, umepoteza mwelekeo wa pikipiki. Angalia pia ndani ya nyumba za swichi: nyingi zina pini ndogo inayoingia kwenye tundu la usukani. Kama usukani mpya hauna tundu, litoboe mahali sahihi kwa keekee. Tafadhali usiikate pini, kwa kuwa ndiyo inayozuia nyumba za swichi na eksileta zisizunguke kwenye usukani.

Alumini ya 28.6 naiweka ya tatu. Ni nzuri kwa anayeendesha akiwa amesimama kwenye njia mbaya, ila mara nyingi inadai vibanio vipya. Ikipinda, ibadilishe, usiinyooshe wala kuichomelea.

Mwisho kabisa ni sukani ndefu zenye kimo cha inchi 12 hadi 16. Zinataka kebo ndefu, mpira mpya wa breki, nyaya kuunganishwa, na breki kutolewa hewa kwa mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Nchi kadhaa zina sheria kuhusu kimo cha usukani. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki, kazi hiyo mpe fundi.

Siku ya kufunga, funika tangi kwa blanketi na upige picha njia ya kila kebo kabla ya kufungua. Kaza bolti kwa zamu, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kisha washa injini ikiwa nyutro na uzungushe usukani pande zote hadi mwisho. Mlio ukipanda, kebo ya eksileta inavutwa. Usitoke na pikipiki hiyo barabarani hadi umeipitisha kebo upya au umepata ndefu zaidi.