Dodoso au mwili: njia mbili za kusanifu mlango wa daladala

Dodoso ni rahisi: maswali kumi, abiria hamsini pale Mbagala Rangi Tatu, jioni una majedwali. Kasoro yake ni adabu. Ukimuuliza mama aliyekwishashuka "Ngazi ikoje?", atajibu "Nzuri tu," maana hofu ya kuteleza imeshapita na ana haraka zake.

Kuigiza kwa mwili kunadai zaidi. Chora mlango sakafuni kwa utepe, weka sanduku imara la mbao la kimo cha sentimita 40 liwe ngazi. Mbunifu afunge khanga ibane, abebe ndoo ya maji lita 10 kwa mkono mmoja, na mwenzake amhimize kama konda: "Twende, twende!" Hapo goti linasita, mkono wa pili unatafuta chuma kisichokuwepo. Tia alama mkono huo ulipofika. Ndipo pa kufunga kishikio. Andika papo hapo, kabla kicheko hakijafuta hofu.

Hatari yake? Kijana wa miaka 25 hawezi kuigiza goti la bibi. Mwalike bibi mwenyewe, mlipe nauli na muda wake, awepo wa kumshika. (Ndoo mwachie kijana.) Dodoso lije baadaye, kuhesabu wangapi wanakwama palepale.