Maiki ya shavuni au ya kwenye nywele?

Kwa kikundi cha Moshi kinachoandaa igizo la nyimbo kwa bajeti ndogo, ningeanza na maiki ya shavuni. Umbali ndio mpango mzima: ukiisogeza kutoka sentimita 3 hadi 12 za mdomo, sauti inayoingia hupungua kama desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Fundi mitambo akipandisha sauti kufidia, spika zinapiga mluzi, na ukumbi wenye bati na kuta tupu huzidisha balaa. Kasoro ya maiki ya shavuni ni kulegea mwimbaji akicheza. Futa mafuta na jasho, bandika waya kwa plasta ya hospitali, kichwa cha maiki kikae pembeni ya mdomo, si mbele, la sivyo kila “p” italipuka.

Ile ndogo ya kuficha kwenye nywele haionekani, na wenye twende kilioni wana njia tayari ya kupitishia waya hadi kisogoni. Mwenye upara asahau. Ukiongeza kofia, utasikia mikwaruzo tu.

Jasho huua zote. Transmita (kile kiboksi anachovaa mwimbaji kinachorusha sauti bila waya) ivalishwe kondomu isiyo na mafuta (wanakwaya wacheke tu, ni mbinu ya kawaida ya maigizo), na waya uachiwe ulegevu shingoni.