Zelda II: toleo lipi la kununua leo

Kabla ya kuuliza bei, jiulize swali moja: ukifa ndani ya gemu hii, unarudishwa wapi? Jibu ndilo litakaloamua ununue toleo gani.

Zelda II: The Adventure of Link ilitoka Japani Januari 1987, ikafika Marekani mwishoni mwa 1988. Zelda ya kwanza ilikuonyesha Link, shujaa unayemwongoza, kutoka juu mwanzo hadi mwisho. Ya pili ikavuruga mambo. Ramani ya juu imebaki kwa kusafiri tu. Ukigusana na adui au ukiingia kijijini, unamwona Link kutoka ubavuni, anaruka, anachoma, anakinga kwa ngao. Kuna pointi za uzoefu, na levo za shambulio, uchawi na uhai zinazopanda hadi 8. Halafu una roho tatu. Zikiisha, unarudi Jumba la Kaskazini, pale pale ulipoanzia, na pointi ulizokuwa ukidunduliza kwa ajili ya levo inayofuata zinafutika. Ni jumba kuu la mwisho pekee linalokuhurumia ukaanzia mlangoni kwake.

Kwa hiyo toleo linalokuruhusu kuhifadhi popote ni jambo kubwa hapa kuliko kwenye gemu nyingi za enzi hizo. La pili la kuangalia ni kitufe cha msalaba, kile cha kuelekeza juu, chini, kushoto na kulia. Ukikutana na Ironknuckle, yule askari wa deraya, ngao yake inapanda na kushuka kufuata upanga wako, na yako lazima ifanye vivyo hivyo. Kitufe kikiwa kizito au picha ikichelewa kwenye TV, umekwisha.

1. Nintendo Switch, kwa uanachama wa Nintendo Switch Online

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote anayeanza. Zelda II imo kwenye mkusanyiko wa gemu za NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo iliyochezesha gemu hii, tangu Januari 2019, na uanachama wa kawaida unatosha. Usikubali kuuziwa ule wa bei ya juu kwa ajili ya gemu hii. Kwa Marekani ada ya mwaka ya mtu mmoja imekuwa dola 20 kasoro senti moja. Unahifadhi popote unapotaka, na ukitumbukia shimoni kwenye pango la Death Mountain unarudisha muda nyuma sekunde kadhaa, ukaruka tena. Wapo watakaosema huo ni wizi. Waache waseme, wewe una kazi kesho asubuhi.

Ukiwa na hiari, chukua Switch Lite. Ina kitufe cha msalaba cha kweli, ilhali Joy-Con, yaani padi ndogo, ya kushoto ya Switch ya kawaida ina vitufe vinne vilivyotengana, na kidole gumba kitakulaumu. Kumbuka pia kwamba mashine inatakiwa iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 7, la sivyo gemu hizi hazifunguki. Na kwa sisi tunaolipia kwa kadi za kukwangua au za kutumiwa namba: kadi lazima iendane na nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yako. Kadi ya Uingereza kwenye akaunti ya Marekani ni hela imekaa bure.

2. Game & Watch: The Legend of Zelda

Kimashine cha mfukoni kilichotoka Novemba 2021 kwa dola 49.99, na sasa unakipata kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Ndani zimo Zelda mbili za mwanzo pamoja na Link's Awakening ya Game Boy. Hakuna intaneti, hakuna akaunti, hakuna ada. Kitufe cha msalaba ni kizuri mno, na chaji ni ya waya wa USB-C. Ukizima, unaendelea pale ulipoachia. Ila ukifa umekufa: hakuna kurudisha nyuma. Kioo hakifiki hata inchi 2.5, na kwenye TV hakiunganishwi.

3. NES Classic Edition

Ile NES ndogo ya 2016 yenye gemu 30 ndani, waya wa HDMI, na nafasi nne za kuhifadhi kwa kila gemu. Kwa gemu hii ingeweza kuwa ya kwanza, tatizo ni soko. Feki ni nyingi kupita kiasi. Ukiambiwa ina gemu 600, hiyo si yenyewe, hata kama boksi linang'aa. Waya wa padi nao ni mfupi kiasi cha kukulazimisha ukae miguuni pa TV.

4. Kaseti ya Game Boy Advance

Ilitoka 2004 kwenye mfululizo wa Classic NES Series, na inaingia pia kwenye DS na DS Lite, mashine nyingine za mkononi za Nintendo. Uzuri wake ni kwamba kumbukumbu yake haitegemei betri. Ubaya ni picha: imebanwa kwenda chini ili itoshe kioo kifupi, kwa hiyo Link anaonekana kama amekaliwa. Feki zipo tele humu pia. Geuza kaseti uchungulie kwenye meno ya shaba. Kwenye halisi, neno Nintendo limechapwa kwenye bodi juu yake.

5. Kaseti ya dhahabu ya NES

Nzuri kwa kabati. Kwa kucheza, hesabu gharama zote kwanza. Kumbukumbu inashikiliwa na betri iliyolehemiwa kwenye bodi, ya miaka zaidi ya thelathini. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini, na kama hajui, weka hela ya fundi pembeni. Kabla ya kuzima, unashikilia RESET kwanza. Tena hakikisha unapewa padi mbili. Ukitaka kuhifadhi bila kumaliza roho zako kwanza, unasimamisha gemu kisha unabonyeza juu pamoja na A kwenye padi ya pili, na wauzaji wengi wanakupa moja tu.

Umeme ndio mtego mkubwa. NES ya Marekani ina adapta ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za 230 au 240, unaiaga. Tafuta transfoma ya kushusha, au nunua mashine ya Ulaya. Ila ukichukua ya Ulaya, kaseti ya Marekani haitasoma, kwa sababu ya chipu ya kufuli iliyomo ndani. Mashine na kaseti vitoke eneo moja, na umwambie muuzaji aiwashe ukiwa umesimama hapo.