Mauthipisi ya saksafoni: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Kijana wa matarumbeta au wa kwaya akiniuliza anunue mauthipisi gani, yaani kile kipande cha kupulizia kinachoingia mdomoni, namuuliza kwanza: saksafoni yako ni ipi? Soprano, alto, tenori na baritoni kila moja ina saizi yake, wala haziazimani. Ya tenori ukiivika kwenye shingo ya alto italegea na hewa itavuja. Hata ukizungushia karatasi ikakaza, noti za juu na za chini hazitapatana. Soma maandishi: kwa Yamaha, AS-4C ni ya alto, TS-4C ni ya tenori. Tangazo likisema “4C” tu, usilipe kabla ya kuuliza.

Ugomvi huo wa noti una sababu. Mwili wa saksafoni ni koni iliyokatwa ncha, na nafasi iliyo ndani ya mauthipisi, yaani chumba chake, ndiyo inayofidia ile ncha. Chumba kikiwa kidogo mno, sauti inapanda, nawe unalazimika kuivuta mauthipisi nje. Saksafoni kongwe za Marekani za miaka ya 1920, kama Conn na Buescher, zilitengenezwa kwa vyumba vikubwa. Ukirithi moja ya hizo, usikimbilie mauthipisi ya kisasa yenye chumba chembamba.

Namba nayo inaeleza mwanya ulio kati ya ncha ya ridi (ule ulimi mwembamba unaotetemeka) na ncha ya mauthipisi, lakini kila kiwanda kina hesabu yake. Yamaha 5C ya alto ni milimita 1.7, Meyer 5 ya alto ni kama 1.8, na Otto Link 5 ya tenori ni kama 2.0. Linganisha milimita, achana na namba. Mwanya mpana unataka pumzi, midomo iliyokomaa na ridi laini zaidi.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Yamaha 4C. Ni ya plastiki, bei yake ni sehemu ndogo tu ya zinazofuata, na mwanya wa alto ni milimita 1.6. Ifunge ridi ya ugumu wa 2 au 2½ na sauti itatoka siku hiyohiyo. Anayeanza hana haja ya nyingine, na nalisema hili hata kwa mzazi mwenye pesa.

Ya pili ni Selmer S80 C* ya Ufaransa, ya eboniti (mpira mgumu), yenye chumba cha mraba. Sauti yake imetulia na inashikika vizuri kwa wanaosoma noti na kufanya mitihani.

Ya tatu ni Meyer 5M, kwa alto. Ina joto na inapenya kati ya magitaa. Anayepiga dansi au jazi aiweke ya pili, Selmer ishuke.

Kwa tenori, ya nne ni Otto Link: Tone Edge ya eboniti au Super Tone Master ya chuma. Ya chuma ni nyembamba, kwa hiyo kibanio cha ridi cha eboniti hakitaishika. Hesabu na bei ya kibanio.

Mwisho kabisa naweka za chuma zisizo na jina, zenye dari ya ndani iliyosogea karibu na ridi, chumba kikabaki kidogo, na mwanya mpana. Niliwahi kununua moja dukani kwa sababu ya kung'aa kwake. Ibadani niliivuta nje hadi ikabaki imeshika ukingo wa koki ya shingoni tu, na bado sauti yangu ilikuwa juu kuliko ya kinanda. Iliniumiza, maana kwaya nzima ilisikia.

Ukiwa dukani, nenda na shingo yako. Paka koki grisi kidogo, ingiza mauthipisi huku ukizungusha: ikaze bila kulazimishwa, koki ibaki ikionekana kiasi. Kisha ichomoe, funga ridi iliyolowa, ziba tundu la nyuma kwa kiganja na uvute hewa kwa mdomo. Ondoa mdomo. Ridi ikibaki imenata kidogo kisha ikaachia kwa “pop”, mauthipisi na ridi vinaelewana. Ikiachia papo hapo, jaribu ridi nyingine. Ya pili na ya tatu zikishindwa pia, rudisha mauthipisi kwa muuzaji.

Ukinunua ya eboniti, ioshe kwa maji baridi na usiiache juani. Joto huigeuza rangi ikawa ya kijani chafu, na ikaanza kunuka kiberiti.